Ncha Nyeupe ya Mkia wa Mbweha

Harufu ya rasta zikichovywa kwenye maji ya moto bado hunirudisha kwenye fleti yetu ya Umbilo, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa msusi. Alisuka vichwa vya watu kutwa nzima, akarudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nilijichana mwenyewe na kujifunga kitambaa. Sikulalamika, mpaka ilipokaribia siku ya watoto kanisani. Kila mtoto angesimama mbele na kueleza kiumbe kimoja cha Mungu. Mdogo wangu Riziki, wa miaka saba, akachagua mbweha mwekundu, mnyama ambaye hata huku Afrika Kusini hayupo. Alimkuta kwenye kitabu cha maktaba: manyoya mekundu, miguu myeusi kama kavaa soksi, masikio yanayosikia panya akitembea chini ya theluji. Mimi nilichagua kuku.

Jumamosi Mama aliomba ruhusa kazini, akashinda akimsukia Riziki mkia. Alichanganya rasta nyekundu na za kahawia, akazichambua mpaka zikawa laini, akamalizia na ncha nyeupe, kwa sababu kitabu kilisema ndiyo alama ya mbweha huyo. Mchana Riziki alijikunja kwenye kochi akajifunika pua kwa mkia, kama mbweha wafanyavyo kwenye baridi. Nilimwonea wivu hadi nikauacha ugali wangu sahanini. Mkia wenyewe wala sikuuhitaji. Kilichoniuma ni vile vidole vya Mama kumshughulikia yeye kutwa nzima, bila malipo.

Asubuhi ya Jumapili, wao wakivaa, nilichukua mkasi nikaikata ile ncha na kuisokomeza kwenye soksi yangu.

Kanisani Riziki alieleza yote bila kukosea: mbweha huchimba shimo, huficha chakula, huruka juu na kumwangukia panya. "Na mkia yake, ku mwisho iko nyeupe," alisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, akageuka kuonyesha. Watu wakacheka. Alishika pale palipokatwa, kisha macho yake yakashuka hadi kwenye soksi yangu nyeusi, ambako nyuzi nyeupe zilichungulia.

"Mbweha alipatia dada yake," akawaambia watu, "sababu dada yake hana."

Jioni Mama hakunipiga. "Kuya ikala hapa," alisema, yaani njoo ukae, akanibana kati ya magoti yake. Riziki aliufumua mkia wake, akawa anampa Mama rasta moja moja, nami nikasukwa huku nikilia.

Leo mimi ndiye msusi, na ile ncha ninayo kwenye kopo la vitana. Riziki anaishi nchi ya baridi, na Mama alihamia kwake mwaka jana. Juzi Riziki alinitumia picha ya mbweha kwenye theluji, mkia umetimia. "Dada, nimemuona! Ncha iko!" Nilifurahi kwa dakika nzima. Kisha nikaikuza picha, nikaona pembeni kidole cha Mama kikimwonyesha Riziki yule mbweha, na ule wivu wa siku ya ugali ukanirudia palepale.