Wimbo wa Ndani Uliouzwa Tandale

Nilikuwa kungwi wa Temeke zaidi ya miaka ishirini, na kazi hiyo niliijua, sisemi kwa kujificha. Shule yangu ni darasa la pili na ngumbaru basi. Lakini nyimbo nilitunga. Nilikuwaga nikipepeta mchele, wimbo unakuja wenyewe, jioni nimeshaushika. Nikiutoa unyagoni, wanawake wanacheka mpaka kanga zinawavuka.

Nyimbo zile hazikutoka nje. Zilikuwa za kumfundisha mwali akae vipi na mwili wake na mumewe, wala hakuna mwanamume wa kuzisikia. Na ubeti wa mwisho mtunzi alijitaja, kisha akamtaja kungwi aliyemfundisha. Mie nilimtaja bibi mmoja wa Mbagala, aliyenichukua nikiwa sina mbele wala nyuma, akanifanya mtu.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa, maduka yakajaa vitu vya Dubai, kila mwenye uwezo ana redio kaseti. Nikaitwa Tandika kumcheza mwali ambaye mama yake alikuwa Muscat, anafanya kazi za ndani. Shangazi wa mwali akanivuta pembeni, akaniomba arekodi kidogo ili mama mtu asikie mwanawe anavyochezwa. Nilijua haifai, nikakubali. Huruma ilikuwepo, lakini niseme ukweli: nilipenda sauti yangu ifike Muscat. Nilisogea mwenyewe karibu na ile redio.

Kanda ilipita wapi, sijui mpaka leo. Shangazi aliapa kwamba jirani aliiazima siku moja tu, akairudisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda na shoga yangu sokoni Tandale kununua mihogo. Pale kwenye kibanda cha kanda spika ilikuwa nje, nikasikia maneno yangu. Yangu yote, neno kwa neno, lakini anayeimba ni mwanamke mwingine, na kinanda nyuma yake. Wachukuzi walikuwa wameshusha magunia, wanakata viuno, mmoja anawaeleza wenzake maana ya kila mstari, tena anakosea. Nikasimama kungoja ubeti wa mwisho. Ulipofika, mie simo, na bibi yangu hayumo. Mahali petu wamemtia mwenye duka la kurekodi kanda, wanamsalimia yeye na wateja wake.

Nikamwambia muuzaji kwamba ule wimbo ni wangu. Alikuwa na adabu, aliniamkia kwanza.

"Shikamoo, bibi. Wiki hii wewe ni wa tatu. Mwenyewe si huyu hapa?" Akanionyesha kasha la kanda, lina picha ya mama mmoja kajaza dhahabu shingoni.

Nikataka kumjibu, shoga yangu akanibana mkono, akaninong'oneza nifunge mdomo, watu wanasikia. Hapo ndipo nikaelewa nilivyokwama. Nikidai wimbo, nimekiri kwamba mie ndiye niliyeutoa nje.

Makungwi wenzangu hawakukawia. Waliniita uani kwa yule bibi wa Mbagala, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Walikuja na jibu langu mkononi: niseme si wangu, ni wimbo wa mitaani tu, yaishe, niendelee na kazi. Mmoja hata alinikonyeza. Lakini aliyeuliza alikuwa bibi mwenyewe.

"Ule wimbo wa sokoni, mwanangu, ni wako?"

Ningekana, ningebaki kungwi. Lakini ningekuwa nimempa wimbo yule mama wa dhahabu kwa mkono wangu, mbele ya mtu aliyenifundisha.

"Wangu, bibi. Na jina lako lilikuwamo. Wamelitoa."

Nikadhani atanihurumia.

"Bora wamelitoa," akasema. "Ningeimbwa na wachukuzi."

Akaomba apelekwe ndani. Wenzangu wakakunja mikeka.

Sikuitwa tena. Njiani waliniamkia vizuri, shikamoo haikupungua, ila mwali hawakunipa. Bibi alipokufa nilikwenda msibani, nikakaa na majirani, si na makungwi.

Mjukuu wangu wa kwanza alipovunja ungo, mie nilikuwa nimeshamtungia wimbo wake tangu yuko mgongoni. Binti yangu akaja kunieleza huku anatazama chini. Wamemchukua kungwi mwingine, bado kijana, maana wazee hawatakuja kama nitaingia. Mie nisimamie jiko. Bibi mzaa mama wa mwali, nisimamie jiko. Nilisimamia, na pilau haikuungua.

Siku yenyewe nikasikia ndani wimbo wangu, ule ule wa Tandale. Hawakuuimba wao. Yule kungwi hakuujua vizuri, kwa hiyo waliingiza redio ukumbini, wakaweka kanda, mjukuu wangu akachezwa na mama wa dhahabu na kinanda chake. Na wale wale wazee walionikunjia mikeka walikuwa humo, wanapiga makofi.

Jirani aliyekuwa akinisaidia kukata kachumbari akaniambia nifurahi, wimbo wangu umependwa mji mzima. Nikampa sinia apeleke.