Samaki Hakai Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai hapa Gatitu, mwanangu, ukungu umeshuka hadi milangoni na mlima hatujauona siku nyingi. Naikumbuka kila unaponionyesha kwenye simu vyombo vya kumwekea huyo samaki wako wa betta, yule wa mapambo, nawe kila mara unachagua kile kinachong'aa zaidi. Ngoja kidogo. Mimi sina haraka, na samaki wako bado anapumua.

Nilikuwa msichana, fundi wa nguo, nimepanga nyumba ya mawe yenye vyumba viwili. Mama alikuwa amefariki, nikamtoa baba kwake karibu na Kutus, kwenye joto la mashamba ya mpunga, nikamleta akae nami. Watu walinisifu sana. Mchana kutwa alikuwa peke yake. Jirani yangu, mke wa polisi kutoka Kakamega, mumewe alipohamishwa alituachia samaki wake wa betta, mwekundu, mwenye mapezi marefu. Baba akampenda. Mzee ambaye tangu tumzike mama alikuwa haongei, sasa nilimsikia akimsimulia samaki habari za mpunga. Nilifurahi mno.

Tulimweka kwenye beseni kuukuu la kufulia, kando ya jiko. Kisha ikafika zamu yangu ya kukaribisha wanawake wa chama chetu cha kuweka akiba. Unatujua sisi wa huku: mgeni akitarajiwa, viti vinavalishwa vitambaa mpaka mtu anaogopa kukalia. Nilimhamisha samaki kwenye chombo chembamba cha kioo cha kuwekea maua, nikakiweka dirishani juu ya kitambaa cheupe. Baba nilimwomba akae chumba cha nyuma hadi wageni waondoke.

"Huyu samaki iko na baridi," alisema. "Kwa nini umetoa yeye kwa beseni?"

"Baba, hiyo beseni ni mbaya. Wageni watasema nini?"

"Ati wageni? Kwani ni wageni wanakaa ndani ya maji?"

Nilicheka, nikamfungia mlango. Wanawake walimsifu samaki, wakasifu na vitambaa, nami nikakiacha chombo pale pale dirishani kwa sababu ya zile sifa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu halikuwa langu. Baada ya siku chache, asubuhi ile ya ukungu, samaki alilala chini ndani ya chombo, mapezi yamekunjamana, akafa.

Baba alimtoa kwa kijiko. Hakupaza sauti, na laiti angepaza.

"Nirudishe Kutus," alisema. "Watu wanakusifu ati unatunza baba. Hakuna mtu ameniuliza kama nasikia baridi. Hata wewe."

Nilimwambia angoje nimalize kushona sare za shule. Sare zikaongezeka, kifua kikambana, akafia kwenye kile chumba cha nyuma kabla sijazimaliza. Kutus tulimrudisha ndani ya jeneza. Inaniuma, mwanangu. Wakisema majuto ni mjukuu, mimi najua huyo mjukuu hahami.

Basi nisikilize. Nyumba njema si mlango. Achana na hicho chombo cha kioo cha duara ulichonionyesha. Tafuta tangi pana, linalobeba maji kama ya mtungi wa lita ishirini, maana samaki huyu anataka nafasi ya kutembea. Huku kwetu maji hulala baridi kama ya mtoni, kwa hivyo nunua kifaa cha umeme cha kuyapasha, na tangi likae mbali na dirisha. Lifunike asiruke nje, ila usilijaze hadi juu wala kuliziba, kwani yeye hupanda kuvuta hewa. Mpe majani laini ya kujifichia. Na usimletee dume mwenzake ukidhani unamwondolea upweke, watauana.

Ukishamweka, kaa umtazame. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia huyo hana mdomo wa kukuambia.

Mimi mdomo ninao bado. Najua mnazungumza na ndugu zako kuhusu kunihamishia kwenu mjini, na mmeshachagua hata rangi ya mapazia. Njooni mniulize. Mungu akujalie nyumba yenye joto, mwanangu, na akupe sikio la kuwasikia walio ndani yake wangali hai.