Kikombe cha Mama Riziki, Ufukweni mwa Tanganyika

Niliondoka Bukavu kwa sababu nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe. Ninashona nguo. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na labda ndiyo maana siamini kazi yangu. Kola moja naweza kuifumua mpaka kitambaa kichoke. Rafiki yangu Bahati, mzaliwa wa Baraka, alinikuta nikilia juu ya gauni la bibi harusi ambalo lilikuwa limekwisha kamilika.

"Funga ile mashini," akasema. "Twende kwetu. Utaona kitu Mungu alishona mara moja tu."

Tulilala Uvira, na asubuhi tukashika barabara ya kusini. Milima ilisimama kulia kana kwamba inataka kuingia majini, na ziwa likatufuata upande wa kushoto bila kutuacha. Mkoba wangu ulijaa dawa za tumbo, sabuni, na vitambaa vyeupe nilivyovipiga pasi. Karibu na Lusenda, wanawake wa kambi ya wakimbizi Warundi walikuwa wakitoka shambani na majembe begani, wakiimba. Dereva alizima redio ili tuwasikie.

Baraka tulifika jua likiwa bado kali. Nilikuwa nikidhani maji yana rangi moja. Ufukweni yalikuwa meupe, hata kokoto zilionekana moja moja. Mbele kidogo yakawa kijani. Halafu buluu nzito mpaka kwenye rasi ya Ubwari, iliyolala ng'ambo kama mgongo wa mnyama mkubwa aliyepumzika. Nilitafuta neno nikalikosa. Bahati alinitazama, akacheka, akaniacha nisimame.

Jioni hiyo alinipeleka kwa shangazi yake, Mama Riziki, mjane anayeuza pombe ya ngazi kwenye kibanda chake kando ya maji. Pombe hiyo hugemwa kwenye michikichi; asubuhi ni tamu kama asali, jioni huuma ulimi. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mama Riziki alijaza kikombe, akanywa kidogo mbele ya wote, akanipa kwa mikono miwili.

Nami nilitoa kitambaa changu cheupe, nikafuta ukingo pale alipoweka midomo.

Mama Riziki akaniuliza polepole, "Mutoto yangu, mi nilikunywa mbele yako. Unaogopa nini tena?"

Mzee mmoja aliweka kikombe chake chini kikiwa bado na pombe, akaaga. Wengine wakamfuata. Njiani Bahati alinieleza: mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Ukifuta alipoonja, umesema mbele ya watu kwamba sumu iko kwenye mdomo wake. "Kesho bantu batasema shangazi ni murozi, anaua bantu na sumu. Akiitwa murozi, nani atakunywa kwake? Nani atamusalimia?"

Nilikuwa nimewaza vijidudu tu. Sikuwaza mtu.

Kulipopambazuka tulikwenda na Papa Asukulu, mvuvi jirani, kuona viboko karibu na mdomo wa mto Mutambala. Habari ilikuwa imemfikia.

"Eh, ndo huyu fundi wa kupanguza vikombe!" akasema huku akisukuma mtumbwi. "Mama, leo utapanguza na kiboko?"

"Papa, nisamehe."

"Mi haukunikosea. Kaa katikati, ondosha mukono mu mayi."

Furukombe mwenye kichwa cheupe alipita juu yetu, akapiga maji kwa kucha, akapanda na samaki anayemeta. Kisha mbele, kwa umbali ambao Papa Asukulu hakukubali kuupunguza, maji yalivimba. Kichwa kikatokea, kikatikisa masikio, kikapumua kwa sauti niliyoisikia kifuani. Kikatokea cha pili, na cha kiboko wa tatu aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mmoja alifumbua kinywa, nikaona rangi yote ya waridi ya ndani na meno ya njano, na jua likapita humo kama kwenye mlango wa kanisa. Machozi yalinitoka. Hakuna kilichonyooka kwa wale wanyama, na hakuna ambacho ningekifumua.

"Papa," nikamwuliza tulipogeuka, "nitamwambia nini Mama Riziki?"

"Usimuambie. Bale bale bantu barudi, unywe mbele yao."

Basi mchana Papa Asukulu alizunguka kuwaita watu wa jana, Bahati akamwomba shangazi yake atoke ndani. Alikataa mara nyingi. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Alijaza kikombe, akanywa, akanipa kwa mkono mmoja.

Povu lilikuwa bado limeshika pale alipoonja. Niligeuza kikombe mpaka mahali pale pale, nikanywa. Nilikunywa kwa haraka mno, nusu ikamwagika kwenye blauzi.

"Na nguo inakunywa!" Papa Asukulu akapiga kelele. Mtu akacheka. Yule mzee aliyeondoka kwanza jana akanyoosha mkono, akapokea kikombe kutoka kwangu bila kukitazama. Mama Riziki akaketi chini, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika.

Siku ya kurudi alinipa bidoni ndogo, kidumu cha plastiki chenye ile pombe yake. "Usiikaze mufuniko," akanionya, "itapasuka." Ndani ya gari ilichemka na kunuka mpaka abiria wakauliza. Nilimimina kwenye kikombe changu cha safari, nikaonja, nikampa mama aliyekaa karibu nami. Alikitazama kikombe, akanitazama, kisha akavuta pembe ya kitambaa cha kichwa akafuta ukingo.

Iliuma. Iliuma mahali ambapo sikuwa nikijua pana maumivu, na ndipo nikajua nilichomfanyia Mama Riziki. Lakini niliona pia jinsi yule mama alivyorudia kufuta pale pale, nikaitambua hofu yangu mwenyewe.

Alipomaliza kunywa, nikamwambia, "Leta kikombe, Mama, nikuongeze. Iko ingine."