Glavu za Mdakaji Nilizozipaka Poda

Mungu amzidishie yule kijana, maana bila huruma yake leo ningekuwa natafuta kazi nyingine hapa London.

Mimi nafanya usafi hotelini, Stratford. Juzi tulipokea timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti. Kwenye chumba kimoja alikaa mdakaji, mchezaji wa kulipwa ambaye kazi yake ni kukimbia na kudaka mpira kwa mikono. Nikakuta glavu zake. Kuzishika tu, zinanata kama zimemwagikiwa asali! Nikamhurumia: kijana wa watu, hana wa kumfulia. Nikazifua zote kwa sabuni, nikazikausha, kisha, kwa ujuaji wangu, nikazipaka poda ya mtoto hadi zikawa laini. Nikaondoka najipongeza.

Kesho yake supavaiza akaniita mapokezi. Kijana kasimama pale, kavaa glavu, kashika mpira.

"Mama, ni wewe?"

Akarusha mpira juu, akaudaka, ukamponyoka. Kumbe zimetengenezwa zinate, ndiyo riziki yake! Nikaomba radhi huku nalia.

"Usilie, Mama. Mama yangu naye alinifulia hivihivi nilipokuwa shule. Nashukuru sana. Halafu, ninazo nyingine."

Supavaiza akashusha pumzi. Kijana akafungua begi, akachomoa jozi ya akiba. Likapanda wingu jeupe, mapokezi yote yakanukia kama kitoto kichanga.

Akanitazama, akacheka hadi akakaa chini.

"Mama yangu," akasema, "aliniharibia jozi moja tu."