Mzee Echodu na Amri Fupi

"Mama Elly, huyu mpangaji wako anapiga taipu ya nini na hana mashine?"

Jacinter ndiye aliyeniuliza hivyo, jirani yangu hapa Burumba, mjini Busia, anayeuza omena, dagaa wa kutoka Osieko. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na beseni kichwani, sikio ameelekeza chumba cha tatu. Kweli mlio wa vidole ulikuwa unasikika, kwa-kwa-kwa, unakoma, unaanza tena.

"Anajifunza," nikamwambia.

"Anajifunza kuwaandikia malaika? Mimi nimechungulia dirishani. Ni ubao wa herufi tu, na waya wake unaning'inia. Haujaingia mahali."

Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeuona huo waya.

Mpangaji wangu aliitwa Chrispine Echodu, Mteso wa upande wa Malaba, mtu wa miaka arobaini na tisa. Hiyo ilikuwa 1999. Miaka ishirini na minne alikuwa ameketi nyuma ya kaunta ya posta akipokea telegramu. Ulikuwa unaandika maneno yako kwenye fomu, yeye anayahesabu, halafu anayatuma. Mtoto amezaliwa, baba amefariki, njoo, usije, yote yalipitia vidole vyake. Kisha simu zikawa nyingi, watu wakaacha kuja, na Ijumaa moja yeye na wenzake wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na nyumba iliyofungwa. Mke alikuwa amekufa, na mabinti wawili wameolewa ng'ambo ya mpaka, Tororo.

"Nikirudi huko nitaongea na nani?" aliniambia. "Na ng'ombe za watu?"

Bahati nzuri kampuni moja ya kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka ilikuwa inataka kompyuta za ofisi yake ya Malaba zizungumze na za ofisi yake ya Busia. Mkubwa wa hapo alimjua Echodu kuwa mtu makini. Alimwambia, lete cheti cha kazi hiyo kabla mwaka haujaisha, kiti ni chako. Asipoleta, watatafuta mtu Nairobi. Basi kila Jumamosi Echodu akawa anapanda basi kwenda kusoma Kisumu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne na mashine tatu, ndiyo maana mwalimu wake, Wabwire, akampa kibodi iliyokufa aje nayo nyumbani, azoeze vidole.

Mtihani wenyewe haukuwa wa kuandika kwenye karatasi. Alinieleza hivi: unaingizwa chumbani, unakuta kompyuta na visanduku viwili vya chuma vinavyopitisha ujumbe kutoka kompyuta hii hadi ile. Kila kitu kimevurugwa. Unaunganisha nyaya, unaviandikia visanduku amri, mpaka kompyuta zisikizane. Kazi tano, saa moja na nusu.

Mwezi wa saba alienda akafanya kazi tatu, muda ukaisha. Aliporudi hakunywa chai niliyomwekea. Alitundika koti, akajifungia, na baada ya muda nikasikia tena vile vidole.

Wiki iliyofuata mwalimu Wabwire alipitia kwangu akienda kwao Funyula. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mtoto wa Echodu, lakini alimheshimu.

"Mzee, kazi unaijua kuliko hawa vijana wote," alimwambia. "Shida yako unaandika kama unamwandikia jaji. Wenzako wanaandika *conf t*, wanaendelea. Wewe unaandika *configure terminal*, herufi zote mpaka ya mwisho. Badala ya *show* andika *sh*, inatosha. Mashine inaelewa na mtahini anakubali. Unajitesa kwa nini?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Umesikia ama umekubali?"

"Nimesikia."

Wabwire akanitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada, akaenda zake. Vidole vikaendelea vilevile, maneno mazima. Siku ya tatu nikashindwa kunyamaza. Nilimpelekea viazi vitamu, nikamuuliza kama ni kiburi ama ni nini.

Aliipokea sahani akaiweka kando ya kibodi. Akasema alipokuwa bado mgeni pale posta, mwanamke mmoja wa Butula alileta fomu ya kumtumia ndugu yake, kijana aliyefanya kazi Mombasa. Alikuwa ameandika, *Mama mgonjwa sana njoo usingoje mshahara*. Pesa zake hazikufikia maneno yote. Echodu akamhurumia. Akamwambia, hebu tuondoe hayo mawili ya mwisho, yanayobaki yanatosha. Wakayaondoa. Yule kijana alipata telegramu, na kwa kuwa hakuwa na nauli, akangoja mshahara. Alipofika Butula mama yake alikuwa na siku sita tangu azikwe.

"Alikuja mpaka kaunta," Echodu akasema. "Akasimama. Hakunitukana, Mama Elly. Aliniangalia tu, akaenda. Tangu siku hiyo sijafupisha neno."

Jambo hilo hakuwahi kumwambia hata mkewe. Sikuwa na la kumfundisha mtu kama huyo, mimi niliyeishia darasa la saba. Nilimwambia tu kwamba usiku mume wangu alipokuwa anakata roho nilitaka kuomba sala nzima nikashindwa. Nilisema "Bwana," basi. Na ninaamini nilisikiwa. Alikula kiazi kimoja, akanirudishia sahani.

Lakini Jumamosi hiyo alirudi kutoka Kisumu akaja moja kwa moja jikoni kwangu, hata kofia hajavua.

"Nimemuuliza mwalimu, nikifupisha vibaya mashine itafanya nini? Itabahatisha? Akasema hapana. Ukiandika *con* peke yake inakataa, kwa sababu kuna neno lingine linaanza hivyo, *connect*. Inakwambia haijui unataka lipi." Alivuta kigoda akakaa. "Inauliza, Mama Elly. Yule kijana wa Mombasa hakuwa na mahali pa kuuliza."

Kuanzia hapo tukafanya kazi pamoja. Mimi nilishika daftari lake, nikasoma amri za Kiingereza kwa kidole, polepole, nyingi sikujua maana yake. Yeye akagonga zile fupi. Nikisema *show*, nasikia milio miwili tu. Akigonga mara nyingi kuliko inavyotakiwa namwambia, "Mzee, hiyo umeandikia jaji," na yeye anafuta hewani kwa kidole, kana kwamba kuna kitu cha kufuta. Jacinter alitukuta hivyo siku moja, akaweka beseni chini.

"Sasa mmekuwa wawili," akasema.

Mwezi wa kumi alienda tena. Nilifunga siku hiyo mpaka jioni. Aliporudi aliniambia amemaliza kazi zote tano, dakika kumi na moja zimebaki. Nikamuuliza alizitumia kufanya nini.

"Niliandika *con* peke yake," akasema. "Nione."

"Ikauliza?"

"Ikauliza."

Cheti kilikuja, na mwezi wa kumi na mbili akahamia Malaba. Nilimtembelea mara moja nilipokuwa naenda mazishi kule juu. Wamempa chumba cha nyuma, kina visanduku vyake na taa ndogo za kijani. Madereva wanapeana makaratasi na wasichana wa mbele. Yeye hawamwoni, na ujumbe unaopita humo haupiti tena mikononi mwake, hajui ni wa nani wala unasema nini. Mlango wake unafunguliwa kukiwa na kitu kimeharibika, na kwa vile yeye ni mtu makini, hakiharibiki. Nilikaa naye karibu saa mbili. Hakuna aliyeingia.

Nilipoinuka kwenda alinisindikiza mpaka barabarani, kwenye foleni ya malori, akanishika mkono.

"Mama Elly, ukipata mtu anakuja huku, nitumie barua. Niambie nani amezaa, nani amezikwa, na Jacinter amegombana na nani."