Mlango Nilioufunga Itigi

Niliondoka Singida mjini alfajiri kwa sababu Mama Neema, mjane wa Itigi, alinipigia simu akilia. Shemeji yake, Mzee Yohana, alikuwa ameapa kwamba kesho yake angeingia porini na vijana wake kuchukua mizinga yote ya nyuki aliyoachiwa mama huyo na marehemu mumewe. Kaka zake mama huyo nao walikuwa wananoa mapanga. Mimi ni wakili, nafundisha sheria na usuluhishi, na nilikwenda nikijiamini kupita kiasi.

Baada ya Manyoni vichaka vikavu vilibana barabara pande zote mbili. Ndani ya basi watu waliongelea ugomvi huohuo. "Kesho damu itamwagika," abiria mmoja alisema, akaendelea kutafuna karanga.

Itigi, nilikutana na familia zote mbili kwenye chumba kimoja karibu na stesheni.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu Mzee Yohana.

"Marahaba, wakili. Sema lililokuleta."

Nikafanya kama ninavyofundisha: nikabaki na Mzee Yohana peke yake, nikafunga mlango. Hata hatujakaa vizuri, ukapigwa teke.

"Mnanong'ona nini humo?" kaka mkubwa wa Mama Neema alifoka. "Wakili kashanunuliwa huyu!"

Kwao shauri husemwa mbele ya watu. Anayejifungia na upande mmoja keshakula rushwa. Nikatoa benchi, nikalipeleka ng'ambo ya reli pamoja na mzee. "Mtatuona, ila hamtatusikia," nikawaambia. "Kisha zamu ya mama." Walisimama upande wao wa reli, mapanga mkononi.

Tulipoketi, Mzee Yohana akaanza. "Mizinga ile tulitundika wote, mimi na marehemu. Msimu uliopita shemeji na kaka zake wamerina asali bila kuniita. Kama vile na mimi nimekufa."

Nilimwomba ruhusa nikamfikishia Mama Neema maneno hayo. Akafunika uso kwa khanga. "Niliogopa akija atabeba vyote. Mizinga ibaki ya wanangu, lakini aje. Mwambie shemeji, mwenge wa moshi wa kufukuzia nyuki atashika yeye."

Nilivuka reli na jibu hilo. Mzee aliniuliza mara mbili kama kweli shemeji yake amemwita. Kisha akainuka, akawageukia vijana wake waliokuja na mashoka. "Rudisheni mashoka nyumbani. Naenda porini na shemeji yangu."

Siku niliyorudi darasani, mwanafunzi mmoja aliinuka kufunga mlango tuanze zoezi la usuluhishi. Nikamwambia auache, abebe benchi twende nje.