Bartolomayo Akusanya Uzee Wake

Bartolomayo wa Nzuguni alikuwa na bega moja lililokufa ganzi na sababu mbili za kujivuna. Ya kwanza, alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo miaka ile ambayo wenzake waliishia njiani wakiharisha. Ya pili, alibatizwa kabla ya jumbe, mkuu wa kijiji. Jina lake la zamani alilitupa mtoni siku hiyo hiyo. Mto wenyewe ulikuwa mkavu, kama kawaida ya mito ya Ugogo, ikabidi maji ya ubatizo yaletwe kwa kibuyu, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani alivuka Yordani.

Reli ya Mdachi ilipofika Dodoma, upagazi ukafa. Gari la moshi likamstaafisha Bartolomayo bila kumuuliza umri wala kumpa mkono wa kwaheri. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Binti zake wawili walishaolewa, Loisi upande wa Bahi, mdogo wake mbali zaidi. Kwa hiyo uzee wake ulikuwa na kwato na mkia. Ujira wote wa upagazi na mahari ya mabinti vilikuwa vimegeuka ng'ombe. Ng'ombe hao wakidumu, yeye na mkewe Priska watakunywa maziwa mpaka kaburini. Wasipodumu, itabidi kwenda kula kwa mkwe, na hakuna ugali unaokwama kooni kama wa mkwe.

Lakini ng'ombe hao hawakulala kwake. Mgogo mwenye akili zake halazi mali yote zizi moja. Wachache walikuwa kijiji cha Kikuyu, wachache Bahi, na kundi nono lilikuwa Haneti kwa Matonya, mpagazi mwenzake wa zamani. Desturi ilikuwa wazi: aliyewekewa ng'ombe anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye mali, na mmoja akifa, ngozi inapelekwa kwa mwenyewe asije akadhani ameliwa. Mvua ikigoma Nzuguni, huenda imenyesha Haneti. Ugonjwa ukifagia Kikuyu, Bahi wamepona. Na kila aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wako ana deni la kukufungulia mlango.

Sasa, alikuwepo mwalimu wa kanisa aitwaye Gideoni, mtu mwenye koti moja na sauti ya watu watatu. Jumapili moja alifundisha habari za Mchungaji Mwema, kwamba iko siku kondoo waliotawanyika watakusanywa wawe kundi moja chini ya mchungaji mmoja. Watu wengine walisikia habari za mataifa na wokovu. Bartolomayo alisikia habari za ng'ombe wake.

"Mama Loisi, umesikia agizo?" alimwambia Priska wakirudi nyumbani.

"Agizo gani?"

"La kukusanya mifugo."

Priska akasimama. "Baba Loisi, mwalimu alikuwa anasema watu."

"Alisema kondoo. Masikio yangu hayajazeeka."

"Basi wewe huna kondoo hata mmoja."

"Kama kondoo wanakusanywa, wanyama wapumbavu vile, sembuse ng'ombe?"

Akaenda kwa Gideoni kupata uhakika. Gideoni angeweza kummaliza kwa sentensi moja. Lakini akakumbuka kwamba fungu la kumi la ng'ombe waliotawanyika kutoka Bahi mpaka Haneti halijawahi kufika kanisani hata mkia. Akakohoa. Akasema Roho humfunulia kila mtu kwa kadiri yake, na kwamba, kwa vyovyote, zaka huhesabika vizuri mifugo ikiwa mahali pamoja.

Tuseme ukweli: hata Gideoni angekataa, ng'ombe wangekusanywa. Bartolomayo hakutafuta Neno, alitafuta ruhusa. Alitaka watu wapitao Nzuguni waone kwa macho kwamba yule mzee mwenye bega bovu ni tajiri. Mali iliyo zizini kwa mwingine haimfanyi mtu aamkiwe kwa kuinamiwa.

Haneti alifika katikati ya kiangazi.

"Mbukwa, ndugu yangu!" Matonya alimpokea.

"Mbukwa. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

"Yupi?"

"Wote."

Matonya akacheka sana, akidhani ni utani wa wapagazi. Alipoona mwenzake hacheki, sauti yake ikashuka. Kumwondolea mtu ng'ombe wote kwa mpigo ni kumwita mwizi bila kufungua mdomo. "Nimekukosea nini? Ngozi gani sijakuletea?"

"Hujanikosea. Nimepata Neno."

"Neno limewakataza watoto wangu maziwa?"

"Linataka kundi moja."

"Na ukame nao umebatizwa?"

Bartolomayo aliona hilo ni swali la kipagani, halistahili jibu. Akawaswaga ng'ombe wake, pamoja na aliyezaa majuzi, huku mke wa Matonya amesimama mlangoni na kibuyu kitupu. Kikuyu na Bahi alifanya vivyo hivyo, na kote aliacha watu waliojiuliza wameiba nini.

Basi akastaafu. Aliweka kigoda mbele ya tembe yake akakaa kutazama pembe. Wageni walisimama, wakasifu, naye akawaambia, "Ni Bwana," kwa namna ya mtu anayemaanisha "ni mimi." Nyasi za karibu zilikwisha upesi, mbavu zikaanza kuonekana. Priska alipolalamika, mumewe alijibu kwamba Bwana atatoa malisho. Bwana alikuwa ameshayatoa. Aliyatoa Haneti.

Kisha Wazungu wakaanza vita vyao, na jeshi la Mdachi likataka nyama. Jumbe alizunguka na askari kutafuta ng'ombe. Kwenye mazizi mengine walihangaika: huyu wa shemeji, yule wa mtu wa Kondoa, yule pale mwenyewe yuko safarini, njooni akirudi. Walitoka na mmoja hapa, mmoja pale, na matusi mengi. Nzuguni kwa Bartolomayo walikuta meza imeandaliwa.

"Ng'ombe hawa wa nani?" askari aliuliza.

Jumbe mwenyewe alimkonyeza mzee. Hata mtoto angejua kusema "wa watu." Bartolomayo akatoa kifua. "Wangu. Wote."

"Vizuri. Kuanzia sasa ni wa Kaisari."

Mzee alikimbia mpaka kwa Gideoni, akamvuta kwa lile koti moja mpaka mbele ya askari. "Waambie! Waambie mimi ni Mkristo!"

Gideoni akaitazama bunduki, akaona fundisho linalofaa. "Si imeandikwa, ndugu, ya Kaisari apewe Kaisari?"

"Kaisari yule alikuwa wa Roma!"

"Na kondoo wale walikuwa watu," alisema Priska, aliyekuja nyuma yao.

Ng'ombe wakaondoka na vumbi lao. Wazee wawili wakaenda kwa mkwe, wakala mpaka mkwe alipoanza kuwasifia hali ya hewa ya Nzuguni. Wakabisha hodi Kikuyu. Mwenyeji alisema kwa heshima kwamba yeye ni mtu aliyekwisha kushukiwa kwa ng'ombe, asingependa kushukiwa tena kwa uji. Ikabaki Haneti. Bartolomayo alisema heri afe. Priska akamwambia afe basi, yeye anakwenda. Mzee akamfuata.

Matonya naye askari walimpitia, lakini ng'ombe wake wengine walikuwa mazizini kwa watu. Aliwapa wageni ugali na mlenda, akangoja washibe.

"Ng'ombe wa maziwa ninaye," alisema. "Nitamweka kwenu."

Bartolomayo akaanza kushukuru kwa maneno marefu ya kanisani.

"Ngoja, ndugu yangu. Sijamweka kwako. Ninamweka kwa Priska. Siku nikimtaka, nitamuuliza yeye. Akifa, ngozi ataleta yeye. Wewe utachunga."

Wakarudi naye Nzuguni. Tangu hapo, kila asubuhi, mstaafu huyo hutoka na fimbo kwenye bega lisilo na ganzi, akimfuata ng'ombe mmoja kwenda kutafuta nyasi mbali, na wapita njia wa Ugogo hawana haya.

"Mzee, ng'ombe wa nani huyo?"

"Wa Matonya wa Haneti."

"Amekuwekea wewe?"

Hapo humchapa ng'ombe, kana kwamba ndiye aliyeuliza.

"Amemwekea mke wangu."